Gari likikata kona, oili huenda wapi?

Maswali ya wasomaji, majibu ya meza ya ufundi

Msomaji wa Shela, Malindi: Assalam aleikum mafundi. Nina Subaru Impreza ya tabo, injini ya EJ20. Kila siku naitumia hapa mjini, na mara mbili tatu kwa mwaka naipeleka kwenye mashindano ya autokrosi. Rafiki zangu wananikataza kuingia tena uwanjani kabla sijaweka bafeli kwenye sampu. Fundi wangu anasema ni kutupa pesa, gari lilitoka kiwandani likiwa kamili. Nani ana haki? Na hiyo bafeli hasa inafanya kazi gani?

Jibu: Waaleikum salaam. Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anazungumzia gari lake. Fundi wako anaifikiria Impreza inayokwenda sokoni na kurudi. Rafiki zako wanaifikiria ile iliyovishwa tairi laini na kupigwa mizunguko 6,500 kwa dakika.

Oili hukaa chini, kwenye sampu, yaani karai lililofungwa chini ya injini, na pampu huivuta kwa bomba lenye mdomo wa chujio uliokaribia kugusa sakafu. Gari likitulia, mdomo umezama. Likikata kona kulia, oili hulala kushoto. Ukifunga breki hukimbilia mbele, ukikanyaga mafuta hurudi nyuma. Aliyewahi kusafiri kwa jahazi hahitaji kuelezwa zaidi: chombo kikilala, maji ya ngama hukimbilia upande uliolala, na anayefua maji akiwa amekaa upande wa juu, kata yake hugonga mbao tupu. Pampu nayo ikigonga mbao tupu huvuta hewa.

Kulala huko kunahesabika. Nguvu ya kona, yaani ile inayokutupa pembeni, ikiwa nusu ya uzito wa gari, uso wa oili hulala nyuzi 27. Ikilingana na uzito mzima, nyuzi 45. Tairi za kawaida kwenye lami kavu huanza kuteleza zinapofika kama asilimia 80 au 90 ya uzito huo, na dereva aliyepakia watu hafiki hata nusu ya hapo. Kona ya asilimia 30 tayari inamfanya abiria ashike kiti, na oili wakati huo imelala nyuzi 17 tu. Sampu ya kiwandani inalimudu hilo na zaidi, mradi oili iwe kwenye kiwango chake. Breki ya ghafla ni kali kuliko kona, inaweza kufika asilimia 80, lakini huisha kwa sekunde 2 au 3, na mguu umeshatoka kwenye mafuta, injini haina mzigo.

Uwanjani mambo hubadilika. Chukua kona ya nusu duara yenye kipenyo cha mita 100, uingie na kutoka kwa kilomita 80 kwa saa. Nguvu ya kona inakaribia uzito mzima wa gari, na kuimaliza kunachukua sekunde 7. Kwa sekunde hizo 7 oili imelala nyuzi 45 huku injini ikivuta kwa nguvu zote na pampu ikinyonya kama nusu lita kila sekunde. Oili nyingine haijarudi, iko kwenye silinda hedi, kifuniko cha silinda chenye vali, inateremka kwa wakati wake.

Anayeumia kwanza ni beringi za konrodi, pale mkono wa pistoni (konrodi) unaposhika kranki, shafti kuu inayozunguka. Zenyewe hazigusani na kranki: kati yao kuna nafasi ya kama 0.05 mm, nyembamba kuliko unywele, na nafasi hiyo imejazwa oili inayosukumwa bila kukatika. Beringi za konrodi hupata oili mwishoni, baada ya beringi kuu, kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya kranki. Kwa hiyo hewa ikipita, chuma hukutana na chuma hapo. Na ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza husikii kitu. Kila kona inakwangua kidogo, mpaka siku moja injini inaanza kugonga ukiwa njiani kurudi nyumbani kwa spidi ya 60, na lawama inaiangukia oili uliyobadilisha juzi.

Sasa bafeli. Anayebeba ndoo ya maji kichwani huweka jani pana au kisahani cha plastiki kielee juu. Ndoo ni ileile na mwendo ni uleule, lakini maji hayaruki. Bafeli ya mlalo ndiyo hiyo: bamba lililofungwa juu ya oili ili isipande ukuta wa sampu na kuuacha mdomo mtupu. Bafeli kamili huongeza kisanduku cha kuta nne kuzunguka mdomo wa kunyonyea, kila ukuta ukiwa na kilango cha bawaba kinachofunguka kwa ndani tu. Ukikata kona kulia, oili ya upande wa kulia inakimbilia kushoto, inakisukuma kilango cha kulia na kuingia. Ikifika kilango cha kushoto kwa ndani, inakifunga kwa uzito wake yenyewe. Imeingia, haitoki. Kitu cha tatu, sinia ya kranki, watu hukichanganya na bafeli. Sinia hukaa juu zaidi, chini kidogo ya kranki, na kazi yake ni kuzuia kranki isiichape oili ikawa povu. Injini nyingi hutoka kiwandani na sinia au bamba la namna hiyo, hivyo fungua uangalie kabla ya kununua.

Bafeli hununua sekunde. Kisanduku cha lita moja na nusu, kwa pampu inayovuta nusu lita kila sekunde, kinakupa sekunde 3 hata kama hakiingii tone jipya. Kona nyingi za autokrosi huisha ndani ya muda huo. Kona ndefu ya lami, kama ile ya sekunde 7, inataka kisanduku pamoja na oili zaidi kwenye sampu.

Kwa EJ yako kuna jambo la pekee. Injini hiyo imelala, pistoni ziko kushoto na kulia. Katika kona ndefu oili hubaki kwenye hedi ya upande wa nje kwa sababu njia yake ya kurudi ni ya mlalo, na bafeli ya sampu haina mkono wa kuifikia huko. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwako ni kiwango cha oili: siku ya mashindano jaza hadi alama ya juu, kisha ongeza nusu lita. Usiongeze lita nzima. Kranki ikianza kuigusa oili inaipiga povu, na povu linapitisha hewa kwenye beringi vilevile.

Hatua ya pili ni geji ya presha ya oili. Taa ya kiwandani huwaka presha ikishuka hadi karibu 0.3 bar, wakati injini iliyo kwenye mizunguko 6,000 inataka kama bar 4 (mafundi wa mashindano huhesabu 0.7 bar kwa kila mizunguko 1,000). Taa ikikuwakia uwanjani, beringi imeshaumia. Weka swichi ya pili inayowasha taa kubwa nyekundu presha ikifika bar 1.5 au 2, au fungia simu irekodi geji ukiwa uwanjani, halafu uangalie baadaye: sindano ikidondoka katika kona ileile kila mzunguko, hilo ndilo jibu la swali lako, na limetoka kwenye injini yako mwenyewe.

Hatua ya tatu, ukiamua kufungua sampu, anza na bomba la kunyonyea. La EJ linajulikana kwa kupata ufa pale lilipochomelewa, na bomba lenye ufa huvuta hewa hata gari likiwa limesimama. Kulivisha bafeli bomba bovu hakusaidii kitu. Badilisha bomba na mpira wake wa duara, kisha weka bafeli iliyotengenezwa kwa injini hiyo hasa.

Kwa hiyo kwa gari lako la kazi mbili, tunasema weka. Kama ungekuwa unaliendesha mjini na barabara ya Mombasa tu, tungekuambia umsikilize fundi wako.

Msomaji wa Gede: Mimi nina Probox ya kazi, injini ya 1NZ. Siku hizi nikiingia raundabauti taa ya oili inamweka kisha inazima. Kuna fundi ameniambia sampu ya Probox haina bafeli nzuri, nitafute ya kuongeza. Nitaipata wapi?

Jibu: Usiitafute, ndugu. Raundabauti ya kawaida haina nguvu ya kuihamisha oili iliyo kwenye kiwango. Taa ikimweka kwenye kona, gari linakuambia kuna kitu kimepungua au kimeziba, na usiliendeshe tena safari ndefu kabla ya kukijua.

Leo jioni egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 10, toa stiki ya oili, ipanguse, irudishe hadi mwisho, uitoe tena. Injini hii inabeba lita 3.7 pamoja na filta. Ikipungua lita moja na nusu umebaki na lita mbili na kidogo, na hapo hata raundabauti inatosha. Tatizo kubwa la magari ya kazi ni kwamba oili hupungua polepole kati ya sevisi mbili na hakuna anayechomoa stiki. Ukijaza na taa ikanyamaza, usiishie hapo. Tafuta inakokwenda: moshi wa buluu asubuhi, majimaji kwenye sili ya kranki, au tone chini ya filta.

Kama kiwango kilikuwa sawa, ingia chini ya gari na uipapase sampu kwa kiganja. Sampu iliyogonga jiwe kwenye barabara ya Marafa au ya kwenda Sala hubonyea kwa ndani, na mara nyingi bonyeo huangukia chini ya mdomo wa kunyonyea, kwa kuwa ndipo sampu ilipo ya chini zaidi. Kati ya mdomo na sakafu panatakiwa milimita 6 hadi 10. Pakibaki milimita 2, pampu inavuta kama mtu anayekunywa madafu kwa mrija uliobanwa. Njia ya kupima ni rahisi. Sampu ikiwa imetolewa, paka oili kidogo kwenye mdomo wa chujio, bandika donge la udongo wa kuchezea watoto, rudisha sampu bila silikoni, kaza boliti nne za pembeni, kisha itoe tena. Kata donge kwa wembe na upime unene wake kwa rula.

Ukiwa umefungua, angalia wavu wa chujio kwa tochi. Injini iliyofungwa mara kadhaa kwa silikoni nyingi utaikuta na nyuzi za kijivu au nyeusi zimejikunja kwenye wavu kama tambi. Hizo zilitoka kwenye kingo za sampu: fundi alipaka mkanda mnene, alipokaza ziada ikabanwa kwa ndani, ikakauka, ikakatika. Safisha kingo zote mbili zibaki chuma kitupu, zifute kwa petroli, paka mkanda wa milimita 3 usiokatika unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti, funga ndani ya dakika chache, kaza kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10 kwa kupishanisha pande, na uache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Wanaotia oili baada ya nusu saa ndio wanaorudi na sampu inayovuja.

Baada ya hayo yote, taa ikiendelea, unganisha geji ya mkono mahali pa swichi ya oili. Injini ikiwa moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ukiona chini ya 0.5 bar, pampu au beringi zimechakaa. Na pesa uliyokuwa umeitenga kwa bafeli, nunua ngao ya sampu ya alumini ya milimita 5 au 6 yenye matundu ya kupitisha hewa. Hiyo ndiyo itakayolifaa gari lako.

Msomaji wa Maweni, fundi wa kuchomelea: Kijana ameniletea sampu ya chuma ya Corolla yenye injini ya 4A, anataka nimtengenezee bafeli ya mashindano. Bati ninalo, mashine ninayo. Nianzie wapi nisije nikamharibia injini?

Jibu: Fundi mwenzetu, umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi, na injini nyingi zimekufa kwa sababu hiyo. Bafeli mbaya ni hatari kuliko kukosa bafeli.

Mwambie akuletee sampu pamoja na bomba la kunyonyea, stiki na mrija wake, na ikiwezekana injini yenyewe iwe kwenye stendi. Bila injini utakuwa unakisia. Osha sampu kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni na maji ya moto, ikauke kabisa. Oili iliyobaki kwenye mikunjo itachafua weldi na kuacha matundu.

Tumia bati la chuma la milimita 1.5. Kata kwanza kadibodi. Simamisha kuta za kisanduku kuzunguka mdomo, zikiwa na nafasi ya kutosha kwa mdomo wenyewe na vilango kufunguka bila kuugusa. Urefu wa kuta ufike karibu na usawa wa oili ikiwa imejaa. Bamba la mlalo likae juu ya kuta hizo, likiwa na uwazi wa bomba, uwazi wa stiki, na njia za kurudisha oili. Hapo kwenye njia za kurudisha ndipo wengi wanapokosea. Wanatoboa matundu machache madogo, oili inayoteremka kutoka juu inakaa juu ya bamba kama maji kwenye paa la saruji lisilo na bomba, na chini pampu inakufa kwa njaa. Acha nafasi pana kandokando ya bamba, hasa upande zilipo njia za kurudi kutoka kwenye hedi. Ukiwa na shaka, ongeza uwazi.

Vilango vitengeneze kwa bati la milimita 1, vining'inie kwa pini ya chuma iliyopigwa weldi ncha zote mbili. Usitumie ribiti, ikilegea itaingia kwenye chujio. Usitumie mpira, kwa sababu oili ya nyuzi 110 za joto huukausha, unakuwa mgumu na kukatika vipande. Kilango kifunike tundu lake kwa milimita 5 kila upande, na kifunguke kwa kidole bila kukwama. Inua sampu, ilaze pande zote nne: kila mara kilango cha upande wa chini kijifunge chenyewe. Kisipojifunga kwa uzito wake, kiondoe ukitengeneze upya.

Kabla ya kuchomelea, funga sampu kwenye bamba nene la chuma au kwenye bloku chakavu kwa boliti zote. Choma vipande vya milimita 20, ruka milimita 50, hamia upande mwingine, usiikimbize weldi mfululizo. Sampu iliyochomwa mfululizo hujipinda kingo na haitazibika tena kwa silikoni yoyote. Ukimaliza, iache ipoe ikiwa bado imefungwa.

Kupima uvujaji hakuhitaji mashine. Paka chokaa nje, mahali pote ulipopitisha moto, ikauke iwe nyeupe. Mimina mafuta ya taa ndani na usubiri nusu saa. Palipo na tundu, hata la ncha ya sindano, chokaa itapata doa jeusi la unyevu. Weka alama, kausha, choma tena.

Hakikisha nati ya kumwagia oili haikubaki nje ya kisanduku huku oili chafu ikibaki ndani. Ikiwa imebaki nje, toboa tundu dogo la milimita 3 chini ya ukuta, upande wa nati.

Kisha funga sampu kwenye injini na uzungushe kranki kwa mkono duru mbili kamili. Kati ya konrodi na bamba pasipungue milimita 5, na udongo wa kuchezea utakupimia hapo pia. Bafeli imemeza nafasi ndani ya sampu na huenda imegusa njia ya stiki, hivyo alama ya zamani usiiamini. Tia oili ya kiasi kinachotajwa na kitabu cha gari pamoja na ya filta, washa dakika moja, zima, subiri dakika 10, chomoa stiki, na ukwaruze alama mpya kwa msumeno mdogo. Mwenye gari aelezwe alama hiyo kwa mdomo na kwa maandishi.

Neno moja juu ya sampu za alumini: hizo zimenyonya oili kwa miaka, na weldi yake hutoa povu na kupasuka baadaye. Afadhali bafeli ya kufunga kwa boliti na gundi ya nati kuliko kuchoma.

Msomaji wa Mambrui: Nina Land Cruiser ya dizeli, napanda nayo michanga. Bafeli itanisaidia nikipanda mlima mkali?

Jibu: Kidogo sana. Mwinuko wa nyuzi 35 unailaza oili sawa na kona ya asilimia 70 ya uzito wa gari, ila kona huisha na mlima hauishi upesi. Kisanduku kitashika oili iliyomo, na baada ya hapo kinategemea ile inayorudi. Magari ya kazi hii hutengenezewa sampu yenye shimo refu na mdomo uliowekwa ndani yake, na kitabu cha gari hutaja mwinuko wa juu kabisa. Jaza oili hadi alama ya juu kabla ya kuingia mchangani, na ukikwama ukiwa umeelekea juu usiiache injini ikinguruma huku mnachimba. Izime.

Msomaji wa Watamu: Kuna wanaosema bafeli ni ya maskini, gari la mashindano la kweli linataka sampu kavu. Ni kweli?

Jibu: Sampu kavu ni mfumo bora, na haina haja ya kumdharau mwenye bafeli. Katika sampu kavu, pampu za kufyonza huitoa oili yote chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi refu la pembeni, na pampu nyingine huirudisha kwenye beringi kutoka chini ya tangi hilo. Tangi likiwa refu na jembamba, oili ilale itakavyolala, mdomo wa chini hubaki umezama. Porsche 911 za zamani zilitoka kiwandani hivyo, pamoja na ile ambayo Vic Preston Jr. alimaliza nayo nafasi ya pili katika Safari Rally ya 1978.

Ila inadai pampu mpya, mkanda, tangi, mabomba mazito, sampu mpya na mtu wa kuitunza. Bomba moja likifunguka, injini imekwisha. Kwa gari linaloshindana mara chache kwa mwaka, sisi tungeanza na bafeli nzuri na geji. Ikiwa geji bado inaonyesha sindano ikidondoka, nenda hatua ya kati: tangi la akiba ya oili. Ni silinda ya lita 2 au 3 yenye pistoni, upande mmoja oili, upande wa pili hewa iliyobanwa. Presha ya injini ikiwa nzuri inaijaza. Presha ikidondoka, hewa inaisukuma oili kurudi kwenye beringi kwa sekunde kadhaa. Faida yake nyingine ni kwamba ukifungua vali kabla ya kuwasha, beringi zinapata oili kabla kranki haijazunguka. Kumbuka tu kupima kiwango cha oili tangi likiwa katika hali ileile kila mara, limejaa au tupu, la sivyo stiki itakudanganya kwa lita mbili.

Kwenye rali za vumbi mambo ni tofauti na lami. Vumbi halishiki kama lami, kwa hiyo nguvu ya kona ni ndogo, na kona zenyewe ni fupi. Kinachoua sampu huko ni mawe na kuruka. Gari la rali tunalivisha ngao kwanza, bafeli ya mlalo inafuata, na vilango ni vya mwisho.

Msomaji wa Mokowe, Lamu: Tumefunga injini ya dizeli ya gari ndani ya mashua. Imeinama kwa nyuma kufuata shafti. Stiki inasoma imejaa, lakini presha inacheza tukipigwa na mawimbi.

Jibu: Stiki hiyo iliandikwa kwa injini iliyokaa sawa. Mliinamisha injini, oili ikahamia nyuma, na kijiti sasa kinasoma kitu kingine kabisa. Pimeni kwanza mwinamo kwa pimamaji na kipimapembe, mashua ikiwa majini na mzigo wake wa kawaida. Mwageni oili yote, badilisheni filta, tieni kiasi kamili kinachotajwa na kitabu cha injini, na mkwaruze alama mpya hapo ilipofika.

Kisha angalieni mdomo wa kunyonyea uko upande gani. Ukiwa mbele na injini imeinamia nyuma, unafanya kazi kwenye kina kifupi siku zote, na wimbi dogo linauacha wazi. Dawa yake ni kupunguza mwinamo kwa kuinua misingi ya nyuma na kupanga upya shafti, au kutengeneza bomba jipya linalofika nyuma. Bafeli ya mlalo itatuliza mchezo wa mawimbi, lakini ifungwe baada ya mdomo kuwa mahali pake. Kabla ya kuvuka kwenda kisiwani tena, fungeni geji mahali ambapo nahodha anaiona bila kugeuka, na ikidondoka chini ya bar 1 na nusu injini ikiwa na mzigo, apunguze mafuta hapo hapo.